Viatu vya Mapafu

2 Aprili

“Shika!”

Ni neno moja tu, lakini Mapafu, jina tulilompa kwa sababu ya pumzi zake, alilitoa kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Miaka yote tuliyokimbia mbio za kupokezana vijiti, yeye wa tatu na mimi wa mwisho, nililisikia mgongoni, nikarudisha mkono nyuma bila kugeuka, na kijiti kikatua kiganjani. Leo asubuhi nimelisikia tena. Nilikuwa kwenye mtambo wa maji, mahali mto unapoingilia, nachota sampuli, na hapakuwa na mtu aliyelitamka. Nilikuwa nimeona viatu.

Mvua ya jana ilileta takataka nyingi. Wasafishaji wa chujio walikuwa wakivuta kwa reki matawi, beseni lililopasuka, mzoga wa mbuzi, na jozi ya viatu vya misumari vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake.

“Dada wa maabara, hivi si ndivyo mlivyokuwa mnakimbilia?” mmoja aliniuliza akicheka. Akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Ubavu wa kiatu cha kushoto umeshonwa kwa uzi wa nailoni. Niliushona mimi, ndani ya basi, tukienda mashindanoni, kwa sababu miguu ya Mapafu ni mikubwa kuliko kiatu chochote cha kike na siku zote ilikuwa inatafuta pa kutokea.

Tangu kabla ya mvua kuanza hajulikani alipo. Mama yake aliwaambia polisi kwamba alitoka tu, hakuaga. Mimi nilijiambia amekwenda mahali na atarudi. Sikuwa nimezungumza naye tangu kano yangu ya kisigino ilipokatika na mimi nikajifungia katika vipimo vya klorini. Sasa viatu vyake viko mezani kwangu, juu ya gazeti, vinachuruzika.

3 Aprili

Mpelelezi amekuja kuvichukua. Ni mtu mpole mwenye mafua ya kudumu. Aliingiza kidole ndani ya kiatu, akatoa donge la kitambaa kutoka kwenye ncha.

“Takataka za mto,” alisema.

“Hapana, afande. Sisi wakimbiaji tunajaza viatu magazeti au vitambaa vikilowa, ili vikauke bila kujikunja.”

Alilirudisha donge mahali pake kwa heshima, kama mtu aliyegusa kitu cha msikitini. Akafikiri, akapiga chafya.

“Kwa hiyo hakuanguka navyo miguuni. Alivivua, akavifunga pamoja, akavijaza kitambaa, akaviacha ukingoni. Kwa utaratibu.”

Nilielewa anachosema baada ya yeye kuondoka. Kama mtu amevua viatu kwa utaratibu ukingoni mwa mto uliofurika, basi mto haukumwonea. Aliufuata mwenyewe.

Na mimi ndiye niliyempa afande maneno hayo.

4 Aprili

Mvua. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nimeongeza dawa ya kugandisha tope mara mbili.

6 Aprili

Nimekwenda kwa mama yake Mapafu. Polisi walikuwa wameshamweleza. Nilitegemea kilio. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye vikombe vya ushindi, vyote, kimoja kimoja, bila kunitazama.

“Karibu, mwanangu. Kaa. Umenenepa kidogo, vizuri.”

“Mama, polisi hawana hakika ya lolote.”

“Wana viatu.”

“Viatu si mtu.”

“Kwake yeye vilikuwa mtu,” alisema. “Mjomba wake anasema tuweke matanga mvua ikipungua. Siwezi kukaa na mlango wazi maisha yangu yote.”

Nilitoka nikiwa na hasira ambayo bado sijui niiweke wapi. Mama gani anakubali haraka hivyo? Mtoto hajaonekana, hata unywele, na yeye anapanga viti! Kuna jambo ananificha. Nimeliandika hapa ili nisijidanganye kwamba sikuliwaza.

7 Aprili

Shangazi anasema ninapiga kelele usingizini. Anasema ni lile neno.

9 Aprili

Kocha. Kama kuna mtu aliyeweza kumkimbiza Mapafu duniani, ni yeye. Ni mtu ambaye, siku kano yangu ilipokatika, alitazama kwanza saa yake ya mkononi. Nilimfuata uwanjani baada ya kazi. Uwanja ulikuwa bwawa. Alikuwa chini ya paa la jukwaa, anapanga vizuizi ambavyo havikuhitaji kupangwa.

“Alikuja kwangu,” alisema kabla sijauliza. “Akaniambia amechoka. Nikamwambia apumzike wiki moja, arudi.”

“Hukumuuliza amechoka na nini?”

“Mkimbiaji akiniambia amechoka namuuliza miguu au kifua. Nilimuuliza. Akacheka, akasema, si miguu, kocha, wala kifua. Nikaona ananitania.”

“Na wewe ukamwambia arudi baada ya wiki.”

“Nikamwambia arudi baada ya wiki.”

Hapo niliona buti zake. Zilikuwa na tope hadi magotini, tope la mtoni. Kila siku tangu viatu vionekane ameshuka kwenye ukingo na fimbo, anapekua matete, yeye peke yake, na mgongo wake ule mbovu. Nilikuwa nimekwenda kumlaumu. Nikaishia kumshikia mwavuli mpaka kituo cha basi.

13 Aprili

Daraja la juu limeondoka. Mnara wa simu wa huko ulianguka zamani, mwanzoni kabisa mwa mvua, kwa hiyo hakuna anayejua hali ya watu wa bonde la juu. Ofisini wanazungumzia mabomba tu.

17 Aprili

Mama yake amekuja maabara, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikaa kwenye kiti cha mkuu wangu na mkoba mapajani, akatazama chupa zangu za sampuli zilizopangwa dirishani, kila moja na tope lake limetulia chini.

“Unakaa na haya maji siku nzima?”

“Ndiyo, mama.”

“Na yanakwambia kitu?”

“Yakitulia, ndiyo.”

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia maji, kwamba hakuwaambia polisi kila kitu. Mapafu aliaga. Alisimama mlangoni na begi, akasema anaacha mbio, anakwenda kutafuta kazi nyingine na maisha mengine. Na yeye mama, aliyemfulia jezi na kumwamsha alfajiri tangu akiwa darasa la tano, akamwambia, “Basi nenda, na usinionyeshe tena uso wako.”

“Hakunionyesha,” alisema. “Mtoto mtiifu yule.”

Nilimwekea maji ya kunywa, yaliyopimwa. Nilikuwa nimemdhania ana moyo wa jiwe. Kumbe anaharakisha matanga kwa sababu kila siku inayopita bila matanga ni siku ya kusubiri mtu ambaye yeye mwenyewe alimkataza asirudi.

Mjomba ameshakodi viti. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

18 Aprili

Mvua nyembamba, ya kuudhi. Sina la kuandika.

20 Aprili

Niandike taratibu.

Shangazi alinunua viatu vya mtumba vya kuendea harusini. Vyekundu, kisigino kirefu, vizuri kweli, na ni vikubwa kwake kama mitumbwi. Alitembea sebuleni akijishika kiuno.

“Unaonaje, binti yangu? Mwambie shangazi yako ukweli, ila uwe ukweli mtamu.”

“Vinakutosha vipi? Si vya mguu wako.”

“Nimeweka pamba mbele. Unadhani wanawake wote unaowaona wamependeza mjini viatu vyao vinawatosha?”

Nilicheka. Halafu cheko likanikauka mdomoni.

Magazeti ya kukaushia huwekwa ovyo, hujaza kiatu kizima, na huyatoa kabla hujavaa. Donge alilolitoa afande lilikuwa kwenye ncha tu. Lilikuwa gumu. Niliona kitambaa ndani ya kiatu kilicholowa na nikadhani najua, kwa sababu nimefanya hivyo mara elfu. Mtu ambaye hajawahi kukimbia angeuliza ni cha nini. Mimi nilijibu kabla ya kuuliza.

Mapafu hahitaji kitambaa kwenye ncha ya kiatu. Mapafu angehitaji kukata ncha.

21 Aprili

Nilikuwa kituoni kabla hawajafagia. Afande alinitolea viatu kutoka kabatini, akiwa na leso puani.

Nilitoa donge la kwanza, nikalishika kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa limeshonwa kwa nyuzi chache ili lisifumuke, na mbele yake kulikuwa na vishimo vitano vidogo vilivyoshuka kwa mpangilio, kutoka cha kidole gumba hadi cha mwisho. Mtu mwenye mguu mdogo amekivaa kiatu hiki mpaka kitambaa kimekariri vidole vyake.

“Si yeye,” nilisema. “Afande, aliyevaa viatu hivi mara ya mwisho si yeye.”

Alikaa chini. “Basi ni nani?”

Furaha yangu ilidumu muda wa swali hilo. Kama si Mapafu, mtoni kuna msichana mwingine, mwenye vidole vidogo, ambaye hakuna aliyemtafuta.

“Kuna aliyeripotiwa kupotea huko juu?”

“Barabara imekatika, simu hakuna. Nani ataripoti, samaki?” Kisha akaona aibu, akaniruhusu niondoke na donge moja na kamba za viatu, kwa sahihi yangu.

Maabara nililifumua. Ndani kabisa, kwenye mikunjo, kulikuwa na unga mweupe. Nilidondoshea asidi. Ukachemka kwa povu.

Chokaa. Mkuu wangu alikuja kutazama juu ya bega langu. Ni mtu asiyeamini kitu mpaka akione mara mbili.

“Mto wote huu unapita chini ya machimbo ya chokaa ya bonde la juu,” alisema. “Ukidondoshea asidi soksi zangu, nazo zitachemka.”

“Nimedondoshea tope la kwenye beseni walilolitoa siku ile ile. Nimedondoshea na kamba za viatu vyenyewe. Hazikuchemka. Chokaa iko ndani tu, mkuu, mahali mto haukufika. Iliingia kiatu kikiwa kikavu.”

Alijikuna kidevu. “Hebu dondoshea tena nione.”

Nikadondoshea tena.

22 Aprili

Sijamwambia mama yake. Nikimwambia binti yake huenda yu hai, kisha nikakosea, nitakuwa nimemuua mara ya pili.

Lori la idara linapanda bonde la juu wakishaweka daraja la mbao. Nimejiandikisha. Mkuu aliuliza nakwenda kupima nini. Nikasema, unga mweupe.

24 Aprili

Daraja bado.

25 Aprili

Bado. Viti vya matanga vimeshaletwa, vimepangwa uani chini ya turubai.

26 Aprili

Nimerudi. Nimeoga, nimekula, nimekataa kulala. Niandike.

Tulivuka mbao kwa mwendo wa konokono, dereva akisali kwa sauti na kutukana kwa sauti ile ile. Machimboni kila kitu ni cheupe: mapaa, majani, kope za watu. Dereva alikwenda kwenye mizani kuulizia barabara ya mbele. Mimi nilishuka na sentensi yangu nimeiandaa: natafuta habari za msichana mwenye miguu midogo. Sikuitumia.

Nyuma ya kibanda cha mizani kuna uwanja uliosawazishwa wa kugeuzia malori. Mtu alikuwa amechora njia za kukimbilia kwa chokaa, zilizopinda vizuri, na wasichana wa machimboni walikuwa wakikimbia peku, wamechafuka kama mizimu. Mmoja alikuwa na kipande cha bomba mkononi. Na nyuma yake, akimkimbiza ili ajifunze kutoogopa, alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu mikubwa.

Miaka yote ile alikimbia nyuma yangu. Nilimjua kwa sauti na kwa mkono. Sura yake ya kukimbia sikuwahi kuiona. Anakunja uso wote, kama mtu anayezuia kicheko kanisani.

Aliniona. Akasimama, mikono kiunoni, anahema.

“Umenenepa,” alisema.

“Na wewe umekufa,” nikasema. “Matanga yako ni kesho kutwa.”

Alianza kucheka, kisha akaona kwamba sitanii, na akakaa chini pale pale kwenye chokaa.

Nilimweleza. Viatu, chujio, afande, kocha na fimbo yake kwenye matete. Aligeuka akamwita msichana mmoja, mdogo, mwenye magoti kama mafundo. Huyo alifika akilia tayari. Alikuwa amevifua viatu mtoni, akavifunga pamoja, akavitundika kwenye tawi. Maji yakapanda, yakachukua tawi na kila kitu. Tangu siku hiyo alikuwa akimdanganya Mapafu kwamba anavitunza nyumbani visichakae. Nilimshika vidole vya miguu, nikavihesabu kama mkunga. Vyote vipo. Alidhani mimi ni mwendawazimu.

Mapafu anapima malori mchana, anafundisha jioni. Viatu aliwapa kwa sababu yeye hana kazi navyo tena.

“Kwa nini hukumpigia mama yako simu hata mara moja?”

“Nilisema ataanza yeye. Yeye ndiye aliyenifukuza, ataanza yeye. Mnara ulipoanguka nilishukuru, kusema kweli. Nikawa na sababu.” Alichora duara kwenye chokaa kwa kidole. “Amelia?”

“Amefuta vikombe vyako.”

“Vyote?”

“Kimoja kimoja.”

Hapo ndipo alipolia yeye. Nilikaa kando yake mpaka nguo zangu zote zikawa nyeupe. Ndani ya kifua changu kitu kililegea, kitu ambacho nilikuwa nimekikaza tangu kabla ya viatu, tangu nilipoacha kupokea simu zake. Nilijisikia mwepesi kiasi cha aibu. Wasichana walitutazama tukilia na kucheka, wakaamua kuendelea na mazoezi bila sisi.

Dereva alipopiga honi, Mapafu alinishika mkono.

“Mwambie niko hai. Lakini usimwambie niko wapi. Akijua atakuja, na akija atanirudisha uwanjani. Unamjua.”

Nilipanda lori bila kuahidi.

27 Aprili

Nilimkuta uani, peke yake kati ya viti vitupu, anavifuta umande.

“Mama, yu hai. Nimemwona kwa macho yangu. Nimemgusa.”

Hakupiga ukelele. Alikaa kwenye kiti kimojawapo, kitambaa mkononi, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akauliza, “Anakula?”

“Anakula vizuri.”

“Mboga je? Mboga hapendi.”

“Sikuuliza mboga, mama.”

Alitikisa kichwa, akasimama, akakunja kiti, akakiegemeza ukutani. Akakunja cha pili. Mjomba alitoka akauliza kuna nini, na mama akamwambia, “Nisaidie kukunja. Mwenye matanga hakutokea.” Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na tukamwacha acheke.

Hakuuliza yuko wapi. Aliniangalia mara moja tu, langoni, akasubiri. Nikaaga.

28 Aprili

Afande amefunga faili. Anasema ni mara yake ya kwanza mwaka huu kufunga faili na kutabasamu, na mafua yamepungua. Kocha nilimwambia kwa simu. Aliuliza, “Anafundisha? Anawafundisha kupokea bila kugeuka?” Nikasema ndiyo. “Vizuri,” alisema, na akakata haraka, kabla sauti yake haijanivunjikia sikioni.

29 Aprili

Jua. Maji yanaanza kutulia.

Mama yake amepita maabara kuniletea bakuli nililosahau kwake. Sikuwa nimesahau bakuli lolote.

30 Aprili

Sikulala vizuri, nikiwapima hawa wawili. Mapafu anamwogopa mwanamke aliyesimama mlangoni siku ile. Mwanamke huyo simwoni tena. Ninayemwona ni mtu anayezusha bakuli ili apite karibu na mtu aliyemgusa mwanawe. Lakini Mapafu hajamwona huyu, na hawezi kumwona kupitia kwangu. Nikikaa katikati, nitapeleka salamu huku na huku mpaka wazeeke, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, na mimi nikijiona mwema.

2 Mei

Nimemwambia. Machimbo, kibanda cha mizani, uwanja wa malori, vyote. Nilimwambia pia kwamba binti yake hakutaka ajue, na kwamba akienda asitaje mbio hata kwa bahati mbaya. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Nisizungumze mbio,” alisema. “Nizungumze nini basi? Sijui kitu kingine.”

“Muulize kuhusu malori.”

“Malori,” alirudia, kama anakariri.

Kisha nilimpigia Mapafu, maana mnara umesimamishwa tena tangu juzi. Nilimpigia baada ya kumwambia mama yake, si kabla, na nilimweleza hivyo kwa mpangilio huo. Nilimwambia nimemwombea mama nafasi kwenye lori la idara, Jumatatu, mkuu amekubali, jina limeshaandikwa. Nilimwambia ana siku za kutosha za kunikasirikia na kwamba nitapokea simu kila akipiga.

Kwenye laini nilisikia mawe yakimiminwa mahali fulani, na wasichana wakipiga kelele.

“Avae viatu vilivyofungwa,” alisema mwishowe. “Chokaa inaunguza miguu isiyoizoea.”

Nimekwishampelekea mama yake buti zangu za kazini. Zimemtosha.